Shajara ya mradi: mashairi ya watoto kutoka Uyole hadi Gangilonga

Februari

Kazi imeanza rasmi. Tunatengeneza kijitabu cha mashairi kwa wasomaji wa miaka 9 hadi 13, na sehemu kubwa wataiandika watoto wenyewe. Kitakuwa na kurasa 32 za ukubwa wa A5 na michoro ya kalamu nyeusi, na mambo yake yatakuwa ya kila siku: nyumbani, sokoni, njiani, mlimani, kwa jirani. Tunakutana Jumamosi asubuhi kwenye chumba tulichoazimwa Ilomba, hapa Mbeya mjini. Baadaye mwaka huu tutaungana na kundi la watoto wa Iringa, ambao mwalimu wao ni rafiki yangu wa tangu chuoni.

Sababu ya mradi ni moja. Ushairi wa Kiswahili tuliourithi umelelewa pwani. Shaaban Robert, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909, ndiye mlango ambao wengi wetu tuliingilia, na nyuma yake kuna karne nyingi za tenzi za Lamu, Pate na Mombasa. Humo mna mnazi, mashua, pepo za kusi na kaskazi. Naupenda ushairi huo, nimeufundisha na nitaendelea kuufundisha. Lakini mtoto wa Mwanjelwa anaamka kwenye ukungu, anavaa sweta, anapita kando ya magunia ya viazi mviringo na malori yanayoelekea Tunduma. Asipoyaona hayo kwenye shairi hata siku moja, anajifunza mapema kwamba shairi ni habari za watu wengine. Nataka afungue ukurasa ajikute yumo.

Machi

Nimewaachia watoto waandike bila maelekezo, nione mkono wao ulipo. Karibu wote wameandika kitu kimoja: mimi ni Mtanzania, naipenda nchi yangu, nchi yenye amani na milima mizuri. Si kwamba hawamaanishi. Wanamaanisha. Ila sentensi hizo wamezisikia kwenye sherehe na kwenye nyimbo za mchakamchaka, na mtoto akiambiwa "andika kuhusu wewe ni nani" anakimbilia kile anachojua kitampatia vema.

Jumamosi iliyofuata nikabadilisha swali. Umefanya nini leo kabla ya kuja hapa? Chumba kikachangamka. Mmoja alipeleka debe la mahindi mashineni na kukuta umeme umekatika, akaambiwa aliache, akagoma kuondoka kwa sababu mama alimwambia asitoe macho yake kwenye debe. Mwingine alimwogesha mdogo wake kwa maji yaliyopoa, mtoto akapiga kelele hadi jirani akaja kuuliza anauawa nani. Msichana wa darasa la tano alimsubiri baba yake, dereva wa lori, aliyepita alfajiri akitokea Tunduma. Walionana kwa muda wa kunywa chai tu, akaondoka tena. Msichana huyo aliandika mstari mmoja nikamwomba asiuguse: "Baba ananuka barabara."

Huo mstari umebadilisha mpango wangu wote. Kijitabu hakitakuwa na shairi lolote lenye kichwa "Mimi ni nani". Utambulisho wa mtoto utaonekana kwenye debe la mahindi, kwenye kelele za mdogo wake, kwenye harufu ya shati la baba.

Aprili

Mvua bado inanyesha, mahudhurio yamepungua, lakini waliokuja wamefanya kazi nzito kuliko mwezi wowote.

Tumeanza mizani kwa makofi. Kiswahili kinamrahisishia mtoto jambo hili, maana silabi zake karibu zote zinaishia kwenye irabu na sikio halihangaiki. Tumeanza na majina ya hapa. Loleza, mlima wetu, makofi matatu. Tukuyu, matatu. Uyole, matatu. Kwenye Mbeya kukazuka ubishi, kuna waliopiga matatu. Nikawaambia watamke polepole bila kuandika: Mbe-ya. Sauti mb inatoka kwa pamoja, kwa hiyo ni makofi mawili. Kisha mlima: m-li-ma, matatu, kwa sababu m hiyo inasimama yenyewe. Wakaanza kupima kila kitu kilichomo chumbani, hadi dirisha na ndala za mwenzao.

Kutokana na zoezi hilo limezaliwa shairi letu la kwanza lililokamilika. Mtunzi ni mvulana wa darasa la sita ambaye mama yake anauza matunda pale Uyole, barabara ya kwenda Tukuyu na mpaka wa Malawi inapoachana na ile ya Dar es Salaam. Tumetumia umbo la utenzi: mizani 8 kila mshororo, mishororo mitatu ya kwanza yenye kina kimoja, na wa nne wenye kina kinachorudi kila ubeti. Beti mbili za mwanzo ni hizi:

Njia panda ya Uyole,
basi moja lenda mbele,
jingine lakata kule
Tukuyu kwenye migomba.

Mama ameketi chini,
maparachichi beseni,
daftari mapajani,
nalinda huku naimba.

Kwenye "daftari" tulikaa muda mrefu. Watoto walipiga makofi matatu, daf-ta-ri, wakasema mshororo umepungua. Kanuni ya wazee wetu wa ushairi inaihesabu f isiyo na irabu kama mizani kamili: da-f-ta-ri, minne, na mshororo unatimia. Sikuwalazimisha. Niliwaomba waimbe ubeti mzima kwa mahadhi, na walipoufikia mshororo huo f yenyewe ikajivuta kidogo kujaza nafasi yake. Walicheka kwa kushangaa. Kanuni iliyotoka kwenye uimbaji huonekana inafaa pale tu inapoimbwa, na ndiyo maana sifundishi mizani kwa kuandika mistari ya kugawa ubaoni.

Napenda pia kwamba mtunzi hakusema lolote kuhusu umaskini wa mama yake wala bidii yake. Kasema ameketi chini. Yatosha.

Mei

Ubeti wa tatu wa shairi la Uyole umetuletea mjadala ambao sikuutegemea, na nauandika kwa urefu kwa sababu ndio uti wa mgongo wa kazi hii.

Mtoto aliandika:

Ukiniuliza kwetu,
sitaji kabila letu,
ninakuonyesha watu,
mlango wazi wa nyumba.

Darasani tulilisifu. Sisi walimu tumelelewa kwenye shule ambazo kuulizana kabila lilikuwa jambo la aibu, na tunaiona heshima iliyomo katika malezi hayo. Mbeya ni mji wa watu waliotoka kila upande: Wasafwa wenyeji wa hapa, Wanyakyusa wa Rungwe na Kyela, Wandali, Wanyiha, Wasangu, Wakinga waliokuja na biashara zao, na wengine wengi. Kiswahili ndicho kinachowakalisha kwenye benchi moja.

Kisha mtoto akaenda kumsomea bibi yake. Jumamosi iliyofuata bibi akaja mwenyewe, kitenge mabegani, akaketi kiti cha nyuma hadi tulipomaliza. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaingia moja kwa moja.

"Mwalimu, huyu mtoto anaficha nini?"

Nikamweleza nia ya ubeti. Alisikiliza hadi mwisho, hakunikatisha.

"Jina lake linaanza na Mwa. Atalificha wapi? Mimi nimemlea kwa Kinyakyusa, akilia namnyamazisha kwa Kinyakyusa. Kabila si tusi, mwalimu. Tusi ni kumdharau mwenzio kwa kabila lake. Hayo ni mambo mawili."

Sikuwa na la kumjibu, na sikuona haja ya kulitafuta. Tulimwomba akae nasi kipindi kingine, akakaa. Aliwauliza watoto, mmoja mmoja, bibi yako anakusalimiaje? Kikafumuka Kinyakyusa, Kisafwa, Kindali, Kikinga, na wawili watatu wakasema bibi zao wanazungumza Kiswahili tu, nao wakapokelewa vilevile. Mtoto mmoja mwenye baba Msafwa na mama Mhehe alisema anasalimia kulingana na nyumba anayoingia. Alisema hivyo kama jambo la kawaida kabisa, na kwake ndivyo lilivyo.

Mtunzi alirudi kwenye ubeti wake peke yake. Huu ndio utakaochapwa:

Ukiniuliza kwetu,
nitataja bibi zetu,
mlima, njia na watu,
mlango wazi wa nyumba.

"Bibi zetu", kwa wingi. Mle mna bibi yake na bibi za wenzake wote, na lugha zao zote, bila kumpanga yeyote juu ya mwenzake. Mlango bado uko wazi. Nimefundisha ushairi miaka mingi na sijaona sahihisho bora kuliko hilo.

Kutokana na siku ile tumeamua jambo la uhariri: salamu na maneno mengine ya nyumbani yataingia kwenye mashairi bila alama za mtajo na bila orodha ya maelezo nyuma ya kitabu. Msomaji wa Kyela atalijua lake, wa Kilolo lake, na wakikutana watafundishana.

Juni na Julai

Baridi. Watoto wanakuja wamejifunga vitenge vya mama zao juu ya masweta, na mikono haitaki kutoka kuandika. Tumezungumza zaidi kuliko kuandika. Kutokana na mazungumzo hayo msichana wa darasa la nne ametoa kitu ambacho hakina vina wala mizani:

Asubuhi ya Julai
moshi unatoka mdomoni mwetu
kana kwamba kila mtu
amemeza jiko dogo.
Dada ananifunga sweta.
Kifungo kimoja hakipo.
Hapo ndipo Loleza
unaponichungulia.

Mwenzangu mmoja, mwalimu mzoefu ninayemheshimu sana, alilisoma akasema hilo ni guni, yaani shairi lisilotimiza vina na mizani, na kijitabu cha watoto si mahali pa kuwazoesha maguni. Ubishi wenyewe ni mkongwe kuliko wote tuliokuwa chumbani isipokuwa yeye. Sheikh Kaluta Amri Abedi alichapisha kanuni za utunzi mwaka 1954, na vizazi vya wanafunzi vimepimwa kwa hizo. Euphrase Kezilahabi akatoa diwani ya mashairi huru mwaka 1974, na magwiji wakagombana kwa miaka kuhusu kama hayo ni mashairi au la. Kila upande ulikuwa na hoja za kweli, na kila upande umetuachia mashairi mazuri.

Mimi nasimama hivi. Mizani na vina ni zawadi kwa mtoto kwa sababu shairi linakaa kichwani. Nimewasikia watoto wakiliimba lile la Uyole wakielekea kituo cha daladala, hata ambao hawakulitunga. Shairi huru halina msaada huo, kwa hiyo linapaswa kujilipia kwa picha. Kwa hiyo tunalipima namna hii: linasomwa mara moja kwa sauti, karatasi inafunikwa, halafu wasikilizaji wanaulizwa wamebaki na nini. La sweta lilipopimwa, watoto wote walikumbuka kifungo, na wote walikumbuka mlima unaochungulia. Mwenzangu alikaa kimya kidogo, akasema mlima ule ameutazama tangu utoto na hajawahi kuwaza kwamba nao unatazama. Shairi limebaki. Yeye ameahidi kuandika la baridi kwa vina, liwekwe ukurasa unaotazamana na hilo, na nimefurahi sana. Mtoto ataona njia zote mbili uso kwa uso.

Agosti

Iringa. Ni zaidi ya kilomita 300 kutoka Mbeya, kwa kupitia Makambako na Mafinga, misitu ya misonobari ikikusindikiza sehemu ya njia. Sikuweza kusafiri na watoto, lakini nilibeba daftari zao na sauti zao kwenye simu.

Watoto wa Iringa waliwasikiliza wenzao wa Mbeya kwa makini ya watu wanaotafuta kosa. Kwanza wakasema maparachichi si ya Mbeya peke yake, Njombe yamejaa. Pili wakauliza kwa nini hakuna mtu anayesema kamwene, salamu ya Kihehe, humo ndani. Niliwajibu kwamba hiyo ndiyo kazi yao.

Tulipanda Gangilonga, lile jiwe kubwa juu ya mji ambalo habari za wenyeji zinalihusisha na Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Niliwaomba wasiandike historia ya Mkwawa, kwa sababu wameshaifanyia mitihani: wanajua alikufa 1898, wanajua fuvu lilirudishwa 1954 na liko Kalenga. Niliwaomba waandike walichosikia wao, leo, wakiwa juu pale. Mvulana wa darasa la sita alichagua tarbia, shairi la mishororo minne kila ubeti, yenye mizani 16 kila mshororo, kitu ambacho nisingethubutu kumpa mtoto wa umri wake:

Nimepanda Gangilonga, jiwe nikalisikia,
Upepo ukanigonga, sikioni kuingia,
Chini magari yasonga, kimya kimenifikia,
Kama una la kulonga, jiwe lakusubiria.

Alinieleza mshororo wa tatu: ukiwa juu unayaona magari yanakwenda lakini huyasikii. Nilitazama chini, ni kweli. Kibwagizo ni chake mwenyewe na kimeshakuwa msemo wa kundi. Mtoto akitaka kusema jambo anaanza na "nina la kulonga".

Kuna shairi jingine la huko lililotupa kazi. Mtoto wa Kilolo ameandika kuhusu babu yake anavyogema ulanzi, pombe ya mwanzi, wakati wa mvua: anakata ncha ya mwanzi mchanga asubuhi, anaweka chombo, na mtoto anaonja matone ya kwanza ambayo bado ni matamu. Mzazi mmoja aliona si vema kitabu cha watoto kitaje kinywaji. Wasiwasi wake una msingi, tumekaa naye tukasoma kila mshororo. Shairi halimpeleki mtu kilabuni. Linazungumzia mkono wa babu, kisu kidogo, na subira ya kurudi kwenye mwanzi uleule kila siku. Tumekubaliana naye libaki, na beti zote zinabaki asubuhi, wakati ulanzi ni mbichi.

Septemba

Mambo ya karatasi, kwa ufupi.

Kijitabu kinashonwa kwa pini katikati, kwa hiyo idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa 4. Kwa 32 tuko sawa. Herufi nilitaka ziwe za pointi 16, kwa ajili ya wanaosoma jioni kwenye mwanga hafifu, ila baadhi ya mishororo ya mizani 16 inavuka ukingo wa A5 na kujikunja. Mchapaji alipendekeza kila kipande kipewe mstari wake. Nimekataa, kwa sababu jicho la mtoto linapaswa kuona kina cha kati na kina cha mwisho vikishuka sambamba kama nguzo. Hizo tarbia zitakuwa pointi 14, mengine yote 16.

Namba ya ISBN tunaiomba Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Ithibati ya Taasisi ya Elimu Tanzania hatuiombi kwa sasa, maana hiki ni kitabu cha kusomea nyumbani na kwenye vikundi, siyo cha darasani.

Jambo la haki za watoto nimelipa uzito kuliko yote. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, kazi inalindwa tangu inapotungwa, haisubiri kusajiliwa. Kwa hiyo shairi la Uyole ni mali ya mvulana wa Uyole, siyo yangu wala ya mradi. Tumeandika makubaliano ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili chepesi na kuyasoma kwa sauti mbele ya kila mzazi na mtoto wake. Mtoto anachagua jina gani lichapwe. Msichana wa "Baba ananuka barabara" aliomba kwanza baba asikilize. Tulimpigia akiwa njiani, akasimamisha gari kando, akasomewa. Alisema lichapwe, na liwe na jina kamili la binti yake. Kwa umri wa binti tumemshauri jina la kwanza tu, akakubali.

Oktoba

Mashairi yaliyokamilika yanatosha kujaza kitabu isipokuwa kurasa mbili, na hizo zimeshikwa na shairi la reli.

Mtunzi ni msichana ambaye baba yake anafanya kazi TAZARA. Anataka treni ipite ndani ya shairi kama inavyopita Mbeya, katikati ya safari yake ya kilomita 1,860 kati ya Dar es Salaam na Kapiri Mposhi. Amewahoji majirani wanaokumbuka reli ikijengwa, kati ya 1970 na 1975, na ameviweka vyote kwenye beti fupi za mizani 8. Kizuizi ni mshororo mmoja:

Yatoka Kapiri Mposhi

Kwa makofi yake ni minane: Mpo-shi, mawili. Kwa kanuni tuliyojifunza kwenye mlima na mpira, m hiyo inasimama yenyewe na mshororo unakuwa na tisa. Wenzake wamegawanyika. Nimependekeza abadilishe neno la kwanza, amekataa, anasema treni haiwezi kufupishwa mwanzo. Nimependekeza amalizie kwa Zambia, amekataa pia, kwa sababu baba yake hasemi anakwenda Zambia, anasema anakwenda Kapiri Mposhi.

Jumamosi ijayo baba yuko nyumbani na amekubali kuja. Tutamwomba alitamke jina hilo kama wanavyolitamka wafanyakazi wenzake, watoto watapiga makofi, na tutakachosikia ndicho kitakachokwenda kwa mchapaji Jumatatu.